Ng'ombe wa Antipasi na Mkataba wa Gesi

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kutoka porini wakapangwa mistari kwenye kijiji kipya pale Ulemo, mtu mmoja alileta gogo la mninga la kujengea ofisi. Ofisi ikachelewa, kama ofisi zinavyochelewa, na wanaume wakalikalia lile gogo asubuhi moja, na kesho yake wakarudi. Bilali muuza kahawa naye akaona hiyo ni riziki, akahamishia pale birika na jiko lake la mkaa. Basi likawa baraza kamili. Gaspari, aliyewahi kuwa mzee wa baraza mahakamani kwa misimu miwili na hajaacha kuwa mpaka leo, walimwita Sheria. Bonifasi walimwita Redio, kwa sababu alikuwa na redio. Mawe yake yalikwisha zamani, lakini habari alizileta vilevile.

Siku moja asubuhi Antipasi alifika pale na wasiwasi. Jana yake basi la Nduguti lilimleta mtu wa nyumba ya rafiki yake Nathanaeli, akalala kwa jamaa zake, na asubuhi hii angekuja kuulizia ng'ombe. Ng'ombe huyo, Madoa, alikuwa wa Nathanaeli. Watu wa kule hawaweki mifugo yote zizi moja, ugonjwa ukija usije ukamaliza kila kitu. Humkabidhi rafiki wa mbali ng'ombe mmoja au wawili, naye rafiki anywe maziwa, apate samadi, atunze. Ng'ombe akifa, rafiki hupeleka ngozi kwa mwenyewe. Ngozi ikifika, maneno yamekwisha. Ngozi isipofika, wewe ni mwizi, umemuuza, na utamlipa.

Antipasi hakuwa na ngozi. Siku ya kuhamishwa, lori la serikali lilipopiga honi Madoa alikata kamba akaingia vichakani, na Antipasi akaambiwa apande haraka. Sasa ni wiki mbili. Zizini alibaki na ng'ombe wake mmoja tu, yule ambaye mkewe Felista alikuwa akimkamua kwa ajili ya wajukuu mapacha walioachwa na mama yao. Huyo ndiye angekwenda Nduguti kulipa deni. Antipasi alikuwa ameyawaza hayo usiku kucha, na kila akiwaza anaona wale watoto na vikombe vyao.

Alikuta kijiwe kinachemka. Ezekieli, mtoto wa hapohapo, alikuwa amerudi likizo kutoka pwani, ambako alikuwa akiwapikia Wazungu wanaochimba ardhi kutafuta mafuta. Mafuta hawakuyapata, alisema, wamepata gesi. Kijiwe kizima kikataka kujua gesi ni kitu gani. Ezekieli akaeleza kwamba ni hewa inayowaka. Akaongeza kuwa mezani aliwasikia Wazungu wakisimuliana jinsi wenzao wa nchi nyingine wanavyoipoza mpaka inakuwa maji, wakaipakia melini na kuwauzia watu wa mbali kwa mkataba wa miaka ishirini.

Bilali alisema hewa haiuzwi. Redio akasema alishaisikia habari hiyo, ila alikuwa anangoja ithibitishwe. Sheria yeye hakujali hewa, alitaka mkataba.

— Mnunuzi asipokuja kuchukua mzigo wake, inakuwaje?

— Analipa vilevile, alisema Ezekieli. Chukua au lipa. Ndivyo walivyoandikiana.

— Mnaona? Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Bilali aliuliza mwana ameingiaje kwenye meli. Sheria akamjibu kwamba methali ikishasemwa hutafuta mahali pake yenyewe, amimine kahawa.

— Na meli ikizama? aliuliza Redio.

— Hapo ndipo Wazungu ni wajanja, alisema Ezekieli. Likija janga ambalo mtu halizuii, tufani, vita, tetemeko, aliyeshindwa kuleta mzigo hadaiwi. Imeandikwa humo humo.

Antipasi akasahau kikombe mkononi. Neno hilo lilimwingia mwilini kama uji wa moto siku ya baridi. Janga lisilozuilika! Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama fisi naye yumo.

Ezekieli alisema kwenye gesi hakuna fisi. Sheria akamkata kauli: sheria haitazami jina, hutazama kazi. Tufani ya meli ndiyo fisi wa ng'ombe. Halafu akamtazama Antipasi, akaelewa, na macho yakamwaka, maana tangu atoke mahakamani hakuwa amepata kesi ya maana. Akataka aelezwe yote. Antipasi akaeleza lori, honi, kamba, vichaka, na fisi waliolia usiku ule upande wa zizi la zamani.

Jamani, kilichofuata ni moto. Sheria alisimama juu ya gogo akatangaza kwamba Antipasi hadaiwi hata mkia. Redio, asiyependa kupitwa, akasema hilo ni dogo. Nathanaeli alipelekewa habari kabla ya Operesheni kwamba watu watahamishwa, aje amchukue ng'ombe wake, na hakuja. Chukua au lipa! Kwa hiyo Nathanaeli ndiye mdaiwa, alipe nyasi na maji ya misimu mitatu aliyotunziwa ng'ombe. Bilali akasema kama ni hivyo alipe na kahawa, kwa kuwa kesi inasikilizwa kwake. Sheria akapanda juu zaidi: lori ni la nani? La serikali. Gesi ni ya nani? Ya serikali. Basi serikali imlipe Antipasi kwa gesi, na meli ya kwanza ikipakiwa, hesabu yake ipunguzwe kiasi cha ng'ombe mmoja mwenye mimba.

— Hakuwa na mimba, alisema Antipasi.

— Kwenye madai ana mimba.

Walicheka mpaka Ezekieli akamwaga kahawa. Antipasi alicheka kuliko wote. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale aliona kifua kimefunguka. Aliwaona wale mapacha wakinywa, akamwona Felista hajui hata kama palikuwa na hatari, na akajiona yeye mwenyewe amesimama mbele ya Nathanaeli akitamka neno janga bila kutikisika.

Wakati huo ndipo alipotokea kwenye kona ya duka mama mmoja mzee, amejifunga kanga kiunoni, mkononi ana fimbo. Si Nathanaeli aliyekuja. Alikuwa mama yake, Hana.

Wote walimwamkia shikamoo, hata Sheria, akishuka kwenye gogo. Wakampisha akae, Bilali akampa kikombe, wakaulizana habari za Nduguti, za mvua na za wagonjwa. Antipasi alikuwa amefungua mdomo lakini Sheria alimwahi. Alimweleza yule mama tangu mwanzo: hewa inayowaka, meli, tufani, fisi wa bahari na fisi wa nchi kavu. Alimwambia kwa heshima zote kwamba ngozi haipo na kisheria haitakiwi. Redio alichomekea yale ya nyasi, kwa sauti ndogo. Mama Hana alisikiliza bila kukatiza, akamaliza kahawa yake, akamrudishia Bilali kikombe.

— Nani alimwona amekufa?

Sheria alimgeukia Redio. Redio akamgeukia Ezekieli, akamwuliza mkataba unasemaje hapo. Ezekieli alisema walipofika hapo yeye alikuwa ametumwa chumvi. Bilali aliinamisha birika, zikatoka chembe za mashapo tu.

Antipasi alihisi uso unamwaka. Wiki mbili nzima alikuwa amemzika Madoa na kumwombolezea, akaogopa deni lake, na leo akamtetea mbele ya baraza, na hakuna siku hata moja aliyopiga hatua kwenda kumtazama.

— Hakuna, mama, alisema. Nilisikia fisi, nikajua ni yeye.

— Fisi hulia kila usiku, mwanangu. Zizi lako la zamani ni mbali?

— Tukitoka sasa, jua halitazama hatujafika.

— Basi lete kamba. Uzao wake wa kwanza nilimkamua mimi, ananijua sauti.

Sheria alitaka kujua, kabla hawajaondoka, ng'ombe akipatikana yu hai ni nani atakayemdai nani. Antipasi alikuwa ameshakimbilia nyumbani, akarudi na kamba na kibuyu cha maji, moyo ukimdunda kama wa kijana anayekwenda ngomani. Hakumkuta yule mama kijiweni. Alimwona mbele kabisa, ameshaipita mistari ya nyumba, anatembea haraka kuliko umri wake, na amekwisha anza kumwita Madoa.