Moshi Uliomrudia Bwana Afya

Tarehe mosi Julai, Bwana Sabiri Uweso, Afisa Afya wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi. Tarehe yenyewe, ambayo ofisini ndiyo ya kuzaliwa kwake, tunaitilia shaka. Watu wa rika lake, nusu nzima wamezaliwa mosi Julai, utadhani wakunga wote wa pwani hii walikuwa na zamu moja. Yeye kazaliwa Moa, na marehemu mama yake alikuwa akisema tu kwamba alijifungua wakati wa kuokota korosho. Sasa korosho gani hizo za Julai? Lakini ofisi imeikubali tarehe, nasi tunaikubali kwa shingo upande.

Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mimi, Praxeda, msaidizi wake wa siku nyingi. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu nimeambukizwa. Ukikaa na Mzee Sabiri muda mrefu, huamini tena kitu mpaka umekifunua kifuniko.

Alianzia Pongwe, akikagua mabucha na migahawa. Huko ndiko alikopata jina la Mzee Shaka. Akiagiza chai huomba kwanza kuiona birika. Akialikwa harusini hupitia jikoni kabla ya kumwona bwana harusi. Kuna mama lishe mmoja aliyekuwa akimwona kwa mbali anaanza kuosha sufuria zilizokwisha oshwa, na Mzee alipolijua hilo akaanza kuja kwa njia ya nyuma. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa hamwamini tu.

Baada ya kuhamishiwa mjini, shaka yake ikapanda kutoka kwenye sufuria ikaenda kwenye kuta. Alianza kuiuliza hewa inatoka wapi na inakwenda wapi. Kwa kuwa hewa haionekani, akatafuta chetezo cha udongo, akawa anaingia nacho kwenye majengo, kaa linawaka, udi juu yake, anasimama katikati ya chumba anautazama moshi. Ukitoka dirishani haraka, anaitikia kwa kichwa anaondoka. Ukiganda, mwenye nyumba ajiandae. Mji mzima ukajua ana vyake. Wengine walisema anazingua majengo, wengine kwamba anatafuta mali ya Mjerumani iliyofukiwa. Bwana mmoja wa Nguvumali alimvuta pembeni akamwomba, kwa heshima zote, amtolee na jini la dukani.

Ulipofika mwaka wa korona, sote tulishika maji na sabuni, na kila mlango ukawa na ndoo yake. Mzee Sabiri alizisifu ndoo, akanawa, kisha akainua macho. Alisema nyumba zetu tunazijenga kwa kumwogopa mwizi. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, halafu yale matundu ya hewa ya juu tunayaziba kwa gunia na magazeti, mbu asipite, vumbi lisipite, jicho la jirani lisipite. Vichochoro kati ya nyumba tumevijenga stoo na mabafu. Ugonjwa wa kifua ukiingia nyumba kama hiyo, alisema, unakuta kitanda kimetandikwa.

Kwa hiyo akaanza kuufungua mji. Alisimamia watu wakichomoa magunia kwenye matundu, wakikohoa vumbi na kumlaani chinichini. Mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto aliyahamishia varandani. Kazi kubwa ilikuwa matanga. Pwani hii ukimwacha mgeni aliyekuja kukupa pole akae nje, umemvunjia heshima, na wengine hawasahau mpaka na wao wafe. Mzee hakuhutubia mtu. Alikuwa anakwenda msibani mapema, anajikalia zake kwenye kibaraza, na akikaribishwa ndani anasema miguu inamuuma. Kwa kuwa ni mtu mzima, wanaume wengine wakaona haya kumpita wakaingia. Nimeona msiba mzima umekaa nje kwa sababu ya miguu ile, na jioni yake nikamwona mwenyewe anapanda mlima wa Pongwe kwa baiskeli.

Sasa nifike pale ambapo wenzangu wameniomba niparuke. Siparuki.

Nyumba ya Bi Zuleha, huko Nguvumali, imepeana mgongo na nyumba ya Mzee Sabiri. Mlango wa huyu uko mtaa wa mbele, wa yule mtaa wa nyuma. Mumewe Bi Zuleha alifariki mwaka ule kwa kifua, na mjane akaingia eda. Mjane wa Kiislamu hatoki nyumbani kwake mpaka eda iishe, na Bi Zuleha ni mtu wa kuishika dini kwa mikono miwili. Chumba chake cha ndani kilijaa wanawake waliokuja kukaa naye. Na Bi Zuleha ana pumu.

Siku zilivyokwenda, kifua kikazidi. Dawa ya kuvuta alikuwa nayo na alikuwa akiitumia, lakini usiku hakulala na mchana hakusema. Binti yake Hasina akaja ofisini kulia. Daktari alikuwa ameshasema mama atolewe chumba kile, na mama alikuwa ameshasema atatoka eda itakapokwisha au atatoka na jeneza. Niliogopa kweli. Nilimwona yule mama anavyovuta pumzi, mabega yanapanda, nikajua hatuna muda wa kubishana naye.

Mzee Sabiri, kama kawaida yake, alianza kwa kushuku watu. Alishuku kwamba ndani kuna mgonjwa anafichwa. Hapakuwa na mgonjwa. Akashuku mtungi, godoro, hata paka. Mwishoni akashuku chumba, lakini mwanamume wa kando haingii kwa mjane aliye kwenye eda, kwa hiyo akanituma mimi na chetezo. Bi Zuleha angekaa uani kwa muda, mimi nifukize chumba kitupu, yeye azunguke nje aone moshi unatokea wapi.

Mlangoni Hasina akanizuia. Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa mashamba ya mkonge ya Muheza, na udi kwangu ni udi tu. Nilikuwa sijui kwamba mjane kwenye eda haguswi na manukato. Hasina aliniangalia kama niliyekuja kumharibia mama yake ibada, na hakukosea sana. Tukautupa udi, tukatafuta kumbi la nazi, lile la kufukuzia mbu, tukaliweka kwenye kaa. Likatoa moshi mzito. Bi Zuleha alikwisha kaa uani, upande wa upepo. Nikafunga mlango wa chumba, dirisha la nyuma na pazia lake nikaliacha kama nilivyolikuta, nikangoja.

Nje, Mzee Sabiri alikaa anatazama matundu ya mbele. Akatazama ubavuni. Moshi hautokei. Kwa kuwa nilichelewa, na kwa kuwa ni mimi, alihitimisha kwamba kaa langu limezimika na ninaona haya kusema. Alinitumia ujumbe kwamba kazi ya moto nimwachie aliyezaliwa karibu na jiko, akaenda zake nyumbani kula.

Nyumbani kwake alimkuta mkewe, Bi Semeni, amesimama mlangoni mwa chumba kipya, mikono kiunoni. Chumba hicho Mzee alikuwa amekijenga uani kwa ajili ya kustaafu kwake. Kilikuwa hakijakamilika, dirisha bado limepigiwa mbao, lakini Bi Semeni alikwisha tundika mapazia ya rangi ya zambarau, na sasa anataka kujua ni mpumbavu gani aliyechoma makumbi ndani ya chumba chake. Chumba kilikuwa kimejaa moshi.

Mzee Sabiri, kwa maelezo ya Bi Semeni mwenyewe, aliutazama kwanza moshi unakotoka. Alivuta meza, akapanda, akachungulia juu ukutani chini ya bati. Palikuwa na upenyo. Nyuma ya ukuta wake palibaki nafasi ya shubiri moja tu, juu imefunikwa bati, kando kumezibwa tofali, na mbele yake kabisa palikuwa na dirisha la Bi Zuleha.

Nyani haoni kundule. Nimeambiwa msemo huu haufai kwenye programu ya sherehe, lakini sikupata mwingine unaotosha.

Kilichotokea kilikuwa hivi. Chumba kilijengwa wakati Mzee amerudishwa Pongwe kikazi kwa muda, na alimwagiza fundi Idarusi aache kichochoro. Idarusi akaona ardhi imelala bure, akakisogeza chumba mpaka kikakaribia kuugusa ukuta wa jirani, kwa nia njema ya kumfurahisha mzee. Na kweli Mzee aliporudi alifurahi. Akaingia, akanyoosha mikono, akasema chumba kimekuwa kipana kuliko alivyotarajia. Mtu anayeishuku sukari ya kupimiwa dukani hakukishuku chumba kilichoongezeka chenyewe.

Wapo wanaodai alijua. Mimi, ambaye simwamini mtu, nasema hakujua, kwa sababu nilimwona siku ile alipokuja kwenye ua wa Bi Zuleha. Alisimama nje ya mlango, akaongea kwa kupitia Hasina. Aliuliza kwa nini hawakusema dirisha limezibwa. Jibu la Bi Zuleha lilitoka ndani, sauti imekatika kwa pumu. Alisema aliyeliziba ni Bwana Afya. Sasa angekwenda kumshitaki kwa nani?

Mzee Sabiri alikaa chini palepale, kwenye kizingiti. Sijawahi kumwona amekaa hivyo.

Alirudi ofisini, akachukua ilani tunayowapa wananchi wenye kero za kiafya, akajiandikia. Akajikabidhi, akasaini kuwa ameipokea. Ilani inampa mtu siku saba. Yeye alianza kubomoa asubuhi iliyofuata, akishika nyundo kwa mikono yake, na Idarusi kando yake anabomoa kazi aliyoijenga. Majirani walitoka kutazama. Yule bwana wa jini la dukani alieleza watu kwamba ndiyo hivyo, chumba kimeingiliwa. Hasina naye aliweka kiti ukutani kwao mchana kutwa, kwa kuwa alishuku kwamba Mzee anataka kukichukua kichochoro kizima. Bi Semeni alitundua mapazia yake, akayakunja, na kwa siku kadhaa chakula cha nyumba ile kilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji.

Bati lilipoondoka, mwanga uliingia chumbani kwa Bi Zuleha. Nilikuwa ndani. Wanawake wote tuliinuka kumpisha. Yeye alijivuta mpaka dirishani, akashika nondo, akakaa hapo. Eda aliimaliza akiwa mzima, palepale, kama alivyotaka. Sisi hatudai kwamba dirisha peke yake lilimponya, maana Mzee Sabiri angekuwa wa kwanza kutushuku.

Tangu siku ile Mzee hakupunguza shaka, aliibadilisha njia. Kabla ya kuingia mtaa wowote kukagua, alianza kwa kuuzunguka mtaa wa nyuma yake. Nasi tukaiga, na leo ndivyo ofisi yetu inavyofanya kazi.

Wakubwa walitaka tumuage kwenye ule ukumbi mpya wa mikutano wenye vioo visivyofunguka. Alikubali, akaomba tu aingie kwanza na chetezo. Moshi ulijikalia juu ya meza kuu kama mgeni rasmi. Kwa hiyo sherehe itakuwa varandani, na wanaopenda kiyoyozi watuwie radhi.

Zawadi yetu wafanyakazi ni benchi jembamba la mvule, la kukaa ndani ya kichochoro kile, kwa kuwa chumba cha kustaafia hakipo tena. Limetengenezwa na fundi Idarusi, aliyeomba mwenyewe. Safari hii futi ya kupimia tuliishika sisi.

Mzee wetu Sabiri, asante kwa kutochoka kutushuku. Mwenyezi Mungu akupe umri na kifua chepesi, wewe na Bi Semeni, ambaye mapazia yake hatujayasahau. Bi Zuleha hakuweza kuandika neno la kuaga, akamtuma Hasina aseme hivi: benchi liwekwe karibu na dirisha lake, naye kila asubuhi akilifungua atakuwa anakuamkia.