Mirva Kettukangas: Misimu Ishirini na Miwili ya Kwenda Kinyumenyume

Jumamosi hii, tarehe 28 Machi 2026, beki wetu Mirva Kettukangas anavua viatu vyake vya hoki ya barafuni, vile vyenye ukanda wa chuma chini ya soli, na hatavivaa tena kwa ajili ya mechi. Ameitumikia klabu yetu ya Kuikka hapa Haapasalmi kwa misimu ishirini na miwili, tangu vuli ile ya 2004 alipoletwa na baba yake akiwa na miaka kumi na sita na begi kubwa kuliko yeye. Kamati imeniomba niandike maneno ya kumuaga katika kijitabu hiki cha hafla. Mimi ni mtunza vifaa. Nafua jezi na kunoa viatu, na shule yangu ilikuwa fupi. Lakini wenzangu waliosoma wamemwona akiwa uwanjani tu. Mimi nimemwona pia akitafuta soksi.

Mirva alizaliwa ng'ambo ya Ziwa Haukila, mahali ambapo barabara inaishia na misonobari inaendelea. Hoki hakufundishwa na mtu. Baba yake, mzee Eino, alifagia theluji juu ya ziwa, akawaachia watoto wake watatu kipande cha barafu nyeusi inayong'aa, na mwisho wa kipande hicho akatoboa tundu lake la kuvulia samaki. Kaka zake wawili walikuwa wakubwa na wenye mbio, kwa hiyo Mirva alipangwa nyuma. Nyuma yake lilikuwepo tundu. Nyumba nzima ilikuwa na kisahani kimoja tu, kile kisahani cheusi cha mpira kinachochezewa hoki, na kikimpita kinazama.

Watu wengi wameniuliza ni kocha gani aliyemtengeneza beki yule. Ni lile tundu. Mzee Eino alikuwa ameketi pale kwenye kiti chake kidogo na ndoano mkononi, akisema bila kugeuka, "Mirva, kikiingia humu utakifuata mwenyewe." Kilizama mara moja tu, na ilipofika majira ya kuchipua kaka zake walikuwa bado hawajamsamehe.

Alijifunzia kwenye viatu vilivyoachwa na kaka hao, butu kama visu vya shuleni. Katika barafu ngumu ya ziwa, chuma butu hakikwami, kinateleza. Ndiyo maana Mirva alirudi kinyumenyume kwa namna ambayo sijaiona kwa mwingine yeyote. Hakuonekana kusukuma. Alikuwa hapa, halafu alikuwa kule, kama kivuli cha wingu kinavyohama juu ya theluji.

Alikuwa mtu wa kuota akiwa macho. Tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa akisambaza barua na gari la posta, na jioni alikuja mazoezini akiwa bado na ukimya wa barabara zile usoni. Alikaa kwenye benchi na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akitazama ukuta. Wasichana walimtania: "We Mirva, leo uko nchi gani?" Naye anawajibu taratibu, "Karibu tu hapa. Nakuja." Kisha anaingia barafuni, na yule mwotaji anajua kila mtu alipo, hata walio nyuma ya mgongo wake.

Amecheza mechi mia tano na kumi na moja kwa jezi yetu. Amevaa jezi ya taifa kwa miaka sita na kurudi nyumbani na medali mbili za shaba. Moja aliniazima nimwonyeshe mama yangu hospitalini, nayo ilikaa chini ya mto wake wiki nzima. Mabao amefunga thelathini na moja, na katika hayo, moja lilimgonga mgongoni akiwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Alilishangilia kama mengine, yaani hakulishangilia.

Mara mbili klabu za Uswidi zilimwita, kwa mshahara ambao posta haijawahi kuuota. Hakwenda. Katika miaka yote hii alikuwa na haja moja tu, na kila aliyefanya naye kazi aliijua: kwamba timu ya wanawake isife Haapasalmi, ili msichana wa hapa asilazimike kuhama kwao ndipo acheze. Kila mwaka, saa za kutumia uwanja wa barafu zinapogawiwa, wanawake ndio wa kwanza kupunguzwa. Kila mwaka Mirva aliingia kwenye kikao hicho na sare yake ya posta, akakaa mstari wa mbele, akanyamaza mpaka wapewe. Nilimwuliza kwa nini hasemi kitu. Akaniambia, maana wachezaji wote huniita shangazi, "Shangazi, wakiniona nimekaa wanadhani nimeleta barua ya mahakama."

Sasa nifike Machi ya 2019, na hili sijalisema mbele ya watu mpaka leo. Mirva ameniruhusu, ingawa alicheka.

Tulikuwa tumebakiza mechi moja, sisi na timu moja kutoka kusini, na atakayeshindwa anashuka daraja. Kamati ya wakati ule ilikuwa imeshatuambia waziwazi: mkishuka, timu inavunjwa na saa zenu zinapewa wengine. Asubuhi ya siku hiyo nilisali sana. Kisha nikanoa viatu vya wachezaji wote, mmoja baada ya mwingine, na jiwe linazunguka na cheche zinaruka, na moyo wangu umejaa. Nikafika kwenye viatu vya Mirva. Kila mtu klabuni anajua viatu vya Mirva havinolewi ila mara mbili kwa msimu, tena kidogo. Nilijua kuliko wote. Lakini nilijisemea kwamba siku kama ile hakuna kinachopaswa kuwa butu. Nikavinoa vikawa wembe, nikavipangusa, nikavibariki kabisa.

Mechi ilianza saa tisa mchana. Mirva aliporudi nyuma mara ya kwanza, chuma kikang'ata barafu, akaanguka chali. Ilikuwa kama kuona kanisa limekaa chini. Alipoanguka mara ya pili, mshambuliaji mmoja wa timu ile ya kusini alimpita akiwa peke yake, akafunga.

"Mirva!" kocha Ilpo alipiga kelele mpaka akakohoa. "Umevaa ndala?"

Mzee mmoja jukwaani naye akadakia, "Mleteeni mama huyo kiti!"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa za maji.

Wakati wa mapumziko ya kwanza alikaa mahali pake, akavua viatu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali. Vumbi jeupe la ukucha likabaki kwenye chuma. Akaniangalia. Akavichukua viatu mkononi, akatoka na soksi mpaka mlango wa nyuma, nami nikamfuata kama aliyeitwa.

Nje jua la Machi lilikuwa juu ya theluji, na paa linadondosha maji polepole, tone baada ya tone, kana kwamba hapakuwa na mechi yoyote duniani. Pale mlangoni pana kizingiti cha jiwe. Mirva alipiga magoti, akafagia theluji kwa mkono, akaanza kuburuta chuma juu ya jiwe. Kililia vibaya. Kazi yangu ya asubuhi nzima ilikuwa inakwenda pale, na nilitamani iende haraka zaidi.

"Mirva," nikasema, "ni mimi niliyenoa."

"Najua, shangazi. Shikilia mlango, nisijifungie nje na soksi."

"Nilidhani nasaidia."

"Umesaidia wale wengine wote. Angalia wanavyokimbia." Akapima tena kwa ukucha. "Bado kidogo."

Tuliporudi, kocha Ilpo alikuwa anamsubiri na ubao wake, na wote tulijua alikuwa amekwisha kuamua kumweka benchi. Mirva angeweza kunitaja kwa neno moja tu, na lingekuwa kweli, na mimi ningestahili. Hakulisema.

"Una nini leo?" kocha akamwuliza.

"Nilikuwa sijaamka, kocha. Sasa nimeamka."

Kocha aliteremsha ubao wake. "Kipindi kimoja," akasema. "Ukianguka tena, unakaa."

Hakuanguka. Kipindi cha pili tulisawazisha. Kipindi cha tatu kilipita kama vile mtu anavyopita usingizini, najua niliona lakini sijui niliona kwa mpangilio gani: barafu iliyokwaruzwa ikawa nyeupe, pumzi za wasichana zikining'inia juu yao, na Mirva akirudi nyuma, akirudi, bila haraka, kila wakati yuko kati yao na lango letu. Tulikuwa tumekwisha kupata bao la pili. Zilipobaki sekunde arobaini, yule mshambuliaji wao akachomoka tena peke yake. Mirva akarudi naye uso kwa uso, akamwachia nafasi ndogo upande wa ubao unaozunguka uwanja, akamngoja aipende. Akaipenda. Alipopiga, Mirva alikuwa ameshalala pale, na kisahani kikamgonga kwenye kifundo cha mguu kwa sauti niliyoisikia mpaka kwenye meno.

Hakikupita. Tulibaki ligi kuu, mbili kwa moja.

Kifundo kilikuwa na ufa. Jumatatu barua zilifika kama kawaida, ila zilichelewa saa moja, na hakuna nyumba iliyolalamika. Ndani ya sauna, kile chumba cha mvuke wa moto, baada ya mechi, wasichana walipokuwa wakimwagia maji mawe na kuimba, nilipeleka maandazi ya iliki mpaka mlangoni na kukaa nje kwenye ubaridi nikilia kidogo. Mirva alitoka na taulo kichwani, akachukua andazi, akakaa karibu nami. Tulitazama ziwa. Alipomaliza andazi akasema, "Vuli tutakuwepo." Hicho tu.

Na vuli tulikuwepo. Tumekuwepo kila vuli tangu hapo, sasa ni miaka saba. Msimu huu wamejiandikisha wachezaji ishirini na wanne, na mwezi uliopita tulipewa Jumanne saa kumi na moja jioni, saa ambayo zamani tuliisikia tu kwa majirani. Katika kikao hicho Mirva hakwenda. Alisema anataka kuona kama itawezekana bila yeye. Ikawezekana, nami nikampigia simu kumweleza.

Kamati ilitaka leo kuitundika jezi yake, namba ishirini na saba, kwenye dari ya uwanja, isivaliwe tena na yeyote. Ni heshima kubwa, na hakuna mwanamke wa hapa aliyewahi kuipata. Mirva alikataa. "Timu iliyo hai inahitaji jezi zake zote," aliwaambia.

Kwa niaba ya klabu, na kwa moyo wangu mwenyewe, asante Mirva kwa mwili wako ulioutoa, na kwa neno lile moja ulilolizuia. Mungu akupe asubuhi za kulala mpaka jua lipande, kifundo kisichotabiri hali ya hewa, na siku njema nyingi zisizo na haraka. Baada ya mechi ya leo nitaifua namba ishirini na saba na kuianika pamoja na nyingine. Mwezi wa nane atakuja mtu kuivaa.

Arja Hyttinen
Mtunza vifaa, klabu ya Kuikka