Tundu la Watafiti

Mama Noela alimwona Ndaki tangu anapandishwa basi la Shinyanga na wachimbaji wenzake wawili pale Bulyanhulu, akaketishwa upandeupande kwa maumivu ya mgongo, kama aliyekalia mayai. Kila tuta lilimkunja uso. Akamhurumia, akamweleza kuwa yeye naye gegedu la uti wa mgongo lilichomoza likabana mshipa wa fahamu, na daktari akaliondoa kwa tundu dogo tu. "Kovu lenyewe halizidi ukucha."

Ndaki alicheka kwa tahadhari, maana kucheka nako kuliuma. "Samahani, mama. Mashimo ndiyo kazi yangu. Tundu la hivyo ni la watafiti wa madini. Wanachoronga kitundu chembamba ardhini, wanachukua sampuli ya mwamba, wanaondoka. Kuchimba kwenyewe bado."

"Sampuli? Mgongo wangu huu?"

"Hujachimbwa, mama. Mimi nikifika hospitali nitamwomba daktari anifungulie duara, shimo la maana, mtu aingie, aone."

Mama Noela alikuwa amepona kabisa, lakini alijikuta anajipapasa kiuno, akakasirika kwa kujipapasa. "Mwanangu, mie nimepalilia pamba msimu mzima na mgongo huuhuu!"

"Watafiti huwa hawaharibu shamba," Ndaki akamjibu kwa upole.

Basi liliposimama stendi, Mama Noela alijitwika kiroba chake cha michembe ya viazi vikavu, akabeba na begi la Ndaki, akashuka. Nyuma yake konda na abiria mmoja walikuwa wanamteremsha kijana kama kabati.

"Polepole na hilo begi, mama!" Ndaki akapaza sauti. "Wachimbaji wako bado hawajaja!"