Mabeki Watano wa Kocha Sietse

Ndani ya basi la kwenda Sneek, Uholanzi, Bi Aaltje alikuwa amepakata keki huku wanaume wawili wa kiti cha mbele wakimchambua kocha Sietse Hoekema kama karanga. Hawakujua kwamba Sietse ni mwanawe wa kumzaa.

“Kafukuzwa Uturuki, kafukuzwa Korea, sasa na Ghana!” alisema mwenye kofia. “Kocha gani huyo, kila mwaka begi mkononi?”

“Wewe nawe!” mwenye miwani akamjia juu. “Ghana kawapa kombe. Wewe umempa nani kombe?”

“Kombe la bahati! Mtu anajaza mabeki watano nyuma, huo ni mpira au ukuta?”

Bi Aaltje aligeukia dirisha, akatabasamu. Hata yeye hakuwahi kuwapenda wale mabeki. Lakini mwanawe alikuwa anarudi jioni hiyo baada ya miaka mitatu. Maneno ya basini yangemwingilia wapi?

Basi liliposimama kituoni kwake, dereva akageuka. “Hongera, Bi Aaltje! Sietse wako leo katimiza hamsini.”

Wale wawili wakageuka kumtazama. Lakini mila ya huko ni mila: siku ya kuzaliwa ya mtu, mama yake naye hupewa mkono wa hongera. Mwenye kofia akainuka, masikio yamemwiva kwa haya.

“Hongera kwa mwanao, mama.”

“Asante, baba,” akasema Bi Aaltje, akiushika mkono wake kwa furaha. “Jioni njoo ule keki, kipande kimoja. Na hiyo ya ukuta umwambie mwenyewe.”