Bi Tone na Gundi Zake Mbili

“Bibi, mbona kiungo kimoja unakitia gundi mbili?”

Nilimuuliza hivyo marehemu nikiwa darasa la kwanza, kidevu nimekiegemeza kwenye meza yake ya kazi. Alikuwa anaunga mguu wa kiti cha mwanasesere. Akanijibu bila kuinua macho: “Usinisemeshe, nina tone mkononi.” Wote mliowahi kuingia karakanani mwake mmeshajibiwa hivyo. Ndugu, jamaa na majirani, huyo ndiye tuliyekuja kumsindikiza leo, na familia imenituma mimi, mjukuu wake, niwasomee maisha yake.

Marehemu bibi yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Tone, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la mbao na mama yake alikuwa mshonaji. Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya ghala hilo, na watoto wa nyumba ile walichezea vipande vya mbao kama wenzao walivyochezea mpira.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Mdogo wake wa kike, aliyekaa naye dawati moja, anasimulia kwamba mguu wa kiti cha mwalimu ulipovunjika, marehemu alijitolea kuuunga kwa uji mzito wa unga. Ulishika vizuri kabisa. Kisha mwalimu akakaa. Kwa heshima ya mwalimu, hadithi hiyo inaishia hapo. Mama yao alipoanza kuugua, marehemu alibaki nyumbani kumuuguza na kulea wadogo zake, wala hatukuwahi kumsikia akilalamika kwa hilo.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa katika karakana ya samani, kazi yake ikiwa kupiga msasa na vanishi. Alikuwa mwanamke pekee mle ndani. Mafundi walitengeneza makabati na vitanda, naye akaokota mabaki yaliyoanguka chini ya msumeno, akayageuza kuwa fremu za picha, vifungo vya makoti, visanduku na viti vya wanasesere. Fundi mmoja wa vitanda alizoea kumtania: “Dada, hivyo viti vyako ni vya kukalia panya?” Marehemu akamjibu: “Ndiyo kaka, na panya wangu hawajawahi kuanguka. Wateja wako vipi?” Fundi huyo yupo hapa leo.

Vitu vidogo vinasumbua, kwa sababu kibano cha fundi cha kubania kiungo kikauke ni kikubwa kuliko kitu chenyewe. Ndiyo maana alipenda supa gluu, gundi inayoshika papo hapo. Alikuwa na sheria zake, na hakuna aliyeruhusiwa kuzivunja. Tone moja linatosha, ukiongeza, unachafua. Pakiwa na upenyo, nyunyiza vumbi la mbao ndipo udondoshe. Kiti cha kukalia mtu usikiunge kwa supa gluu peke yake, maana haipendi kishindo. Na kubwa kuliko zote: kidole kikinasa, usivute. Tafuta maji ya uvuguvugu na sabuni, kaa chini, subiri.

Jumamosi tarehe 21 Novemba 1987 alifunga ndoa na fundi wa msumeno wa karakana ile ile, babu yetu, aliyekuwa amefiwa na mke wake wa kwanza na kuachiwa watoto wawili. Wa kiume alikuwa na miaka mitano, naye alimzoea marehemu kabla keki haijaisha. Wa kike alikuwa na miaka minane. Huyo ndiye mama yangu, na ameniruhusu niyasome haya yote kama yalivyokuwa.

Mama hakumkubali. Hakumtukana wala hakumkaidi. Alimwita “wewe” tu, tena pale alipolazimika. Mama yake mzazi, kabla ya kufa, alikuwa amemwachia kisanduku cha mbao nyeusi alichokuwa akiwekea mafuta yake ya nywele, na kila usiku mama yangu alikifungua, akanusa, akakifunga, akalala. Kikapata ufa kwenye kifuniko. Bibi akaona hapo ndipo mlango wa kuingilia. Mama akiwa shuleni, alidondosha supa gluu nyepesi kwenye ule ufa, ikaingia kama maji, ikashika vizuri. Kwa haraka ya kutaka iwe zawadi, akakifunga kifuniko kabla mvuke wa gundi haujatoka, akakivingirisha kwenye kitambaa.

Mafundi mnajua kilichofuata. Mama alipokifungua, ndani kote kulikuwa na ukungu mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na harufu ya gundi tupu.

Mama akasema: “Kilikuwa kinanukia mama. Sasa kinanukia wewe.”

Babu alitaka kumkemea, lakini Bibi akamzuia. Akamwambia mtoto: “Harufu siwezi kukurudishia, mwanangu. Nisingependa kukudanganya. Weupe naweza kuutoa, lakini sitakigusa tena bila wewe.”

Kisanduku kikakaa mezani karakanani, kifuniko wazi. Baada ya wiki kadhaa mama akaanza kupita pale akitoka shule. Alipewa msasa laini na kitambaa chenye mafuta, akasugua, na Bibi akasugua upande wake. Weupe ulipoisha, ikaonekana pembe moja imelegea, na mama akasisitiza tone alidondoshe mwenyewe. Likawa si tone, likawa mvua. Kidole gumba chake kikanasa kwenye kidole gumba cha Bibi, na papo hapo mteja akabisha hodi. Bibi, kwa aibu ya kukutwa hivyo, akasahau sheria yake mwenyewe, akataka kujinasua kwa nguvu.

“Mama, usivute!”

Babu anasema alizima msumeno akidhani mtu amekatwa. Aliwakuta wamekaa chini, mikono ndani ya beseni la maji ya sabuni. Mteja akaondoka bila fremu yake. Vidole viliachana mapema, lakini mikono haikutolewa mpaka maji yakapoa kabisa. Neno lile, “Mama”, mama yangu hakulirudisha nyuma, na tangu siku hiyo hakumwita marehemu jina lingine. Marehemu hakujaliwa kuzaa, na mtu akimuuliza ana watoto wangapi alijibu “wawili” kabla swali halijaisha.

Alistaafu mwaka 2012, akahamishia meza yake kwenye veranda ya nyumba. Mwezi Septemba 2022 moyo wake ulianza kudhoofika na miguu ikawa inavimba. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo, naye aliwalipa kwa kuunga miwani yao. Mama alihamia kwake, akamwogesha, akamlisha, akagombana naye kuhusu dawa kama wanavyogombana mama na binti. Marehemu alifariki dunia hospitalini, Jumanne tarehe 14 Mei 2024, alfajiri, mama akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, ndugu wanne, na vitu vidogo visivyohesabika katika nyumba zenu. Mungu ampe pumziko, na mikono yake ilale kwa amani.

Lile swali la darasa la kwanza nililirudia Jumapili ile ya mwisho, nikiwa nimemshika mkono kitandani. Safari hii hakuwa na tone mkononi, akanijibu.

“Ile nyeupe ya mbao ndiyo gundi yenyewe, ila inachelewa kukauka, na mtu hawezi kukaa ameshikilia kutwa. Supa gluu inashikilia tu mpaka nyeupe iweze yenyewe. Ikishaweza, unatoa mkono. Haya, na wewe niachie huo mkono sasa, mjukuu wangu, nilale kidogo.”