Bwana Alinirudishia Mwiko Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Mimi ni Mama Kulwa wa hapa Samuye, na nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe kumshuhudia Mungu aliyeniinua, akautumia hata wivu wangu.

Ndugu zangu, msimu uliopita nikipalilia pamba, kifua kilibana kama nimekanyagwa na ng'ombe, nikaanguka. Hospitali wakasema ni shambulio la moyo. Bwana akaniokoa. Daktari akanipa dawa, akaagiza kila asubuhi nizunguke nyumba yangu polepole, nikiongeza kidogo kidogo.

Nikarudi nikakuta jiko lina mwenyewe. Mwanangu Kulwa yuko machimboni Geita, na mkewe, Minza, anaishi nasi. Alikuwa ameshika mwiko wangu, na Baba Kulwa anamsifia: "Mkamwana anajua kusonga." Miaka yote niliyomsongea ugali mume wangu sikuwahi kusikia neno hilo! Niliona wivu mpaka nikaisukuma sahani yangu. Nikaomba, "Bwana, nirudishie mwiko wangu."

Lakini mazoezi yalinishinda. Mtu wa jembe anazungukaje nyumba mikono mitupu? Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Mama Kulwa anazindika nyumba kwa dawa za mganga, mimi niliyeokoka! Nikajifungia ndani kwa aibu, miguu ikalegea.

Ni Minza, anayeniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, aliyenijia na ndoo tupu. "Mayu, shika hii. Watajua unafuata maji."

Ndugu zangu, hata akili hiyo niliionea wivu. Kwa nini sikuiwaza mimi? Nikaichukua ndoo, nikazunguka. Uvivu uliponijia nilichungulia jikoni, nikamwona na mwiko wangu, nikaendelea.

Siku daktari aliponiruhusu kazi za jikoni, niliingia nikasema, "Lete." Minza akanipa mwiko, akashika sufuria isiteleze. Nikasonga. Baba Kulwa akala, akasema, "Leo mkamwana umesonga kweli kweli."

Nilitaka kulia. Minza angeweza kunyamaza akazipokea sifa zile.

"Baba, huo ni wa mayu," akasema.

Baba Kulwa akanitazama, akanyoosha sahani aongezewe.

Asante Yesu! Wewe uliyelegea nyumbani baada ya ugonjwa, mtegemee Bwana, unywe dawa zako, na ukiona aibu, njoo nikuazime ndoo. Wivu haujaniisha wote, mniombee. Mwiko sasa tunaushika kwa zamu, lakini Jumapili simwachii mtu.