Koko Alikuwa Anakohoa Ili Nisalimie

Bandugu zangu, Bwana ni muzuri! Mwenye anaona vizuri aseme Amina. Na mwenye anaona mutu mumoja kama batatu, aseme Amina kwa nguvu zaidi, juu mimi nilikuwa hivyo!

Ile miaka ya vita tulikuwa tunaishi Vuhovi, mimi na koko wangu, mama ya mama. Nakumbuka moshi ya jikoni asubui, ukungu juu ya mihogo, bamama banapita na bitunga. Ilikuwa vita, mais hata hivyo ilikuwa kwetu.

Kwetu mutoto ndiye wa kwanza kusalimia mukubwa. Akinyamaza, ni matusi. Lakini mimi, sura za batu zilikuwa zinayeyuka kama sabuni ndani ya maji. Nikipita kimya, banasema: "Angalia binti ya kiburi!" Basi nikaanza kusalimia kila kitu. Siku moja niliinama nikasema, "Wavukire, papa!" Kumbe ni mugomba wa ndizi! Batoto bakacheka mupaka bakaanguka.

Koko hakucheka. Tangu pale, tukiwa njiani, alikuwa ananikoholea. Kikohozi kimoja: papa anakuja. Viwili: mama. Mimi nasalimia, batu banasifu adabu yangu!

Siku moja nilitangulia kwenda kuchota maji. Askari walikuwa wamefunga kamba njiani. Sikuiona.

"Telema! Simama!"

Sikujua sauti inatoka wapi. Nikaendelea. Nikasikia bunduki inavutwa. Bandugu zangu! Nyuma yangu koko akaanza kukohoa: kimoja, kimoja, kimoja! Wanaume! Nikasimama, kamba ikanigusa tumbo.

"Mama, uko mugonjwa?" askari akauliza.

"Mimi niko muzima, mwana wangu. Ni macho ya huyu ndiyo yako mugonjwa."

Akatuacha. Koko akanishika mukono: "Kifua changu kitachoka siku moja. Twende Butembo."

Kule docteur wa macho aliniangalia, akasema: "Hapana bulozi. Kioo cha mbele ya jicho kimechongoka kama ncha ya yai. Na wewe unasugua macho sana!" Akaeleza kwamba ataingiza ndani ya kile kioo kaduara kadogo sana, ili kakinyooshe. Hakudanganya: miwani nitavaa bado, na kale kaduara kanaweza kukosa kusaidia. Niliogopa, donc basi niliomba. Mungu akashika mukono wa docteur!

Jicho lilipotulia, siku ya Mungu nilifika kanisani. Koko alikuwa amesimama mulangoni, kimya kabisa. Ananijaribu!

"Wavukire, koko! Na kitambaa cha kichwa umekigeuza, ndani iko inje!"

Akacheka, machozi ikashuka. "Basi, sasa nitapumuzika kukohoa."

Alishapumuzika kweli, mikononi mwa Bwana. Mais mupaka leo, mutu akikohoa katikati ya maombi, mimi nageuka kusalimia.

Bandugu zangu, mukiona mutoto anapita bila salamu, hapana kumuita wa kiburi. Mumukoholee kwanza, kisha mumupeleke kwa docteur. Na mumutumainie Mungu, mwenye aliniokoa kwa kifua cha mama muzee! Amina!